Sisilia kwa Juma Moja: Nasaha kwa Msafiri

Katika visiwa vyote vya Bahari ya Mediterania hakuna kilicho kikubwa kuliko Sisilia, na ukubwa huo ndio unaowaponza wageni wengi waendao huko kwa siku saba. Kwa maana wakiitazama ramani huona pembetatu iliyo mbele ya ncha ya Italia, iliyotengwa na bara kwa mlango wa bahari ambao mahali pake pembamba haufiki kilomita nne, wakadhani ya kuwa mtu akiufuata ufuko kutoka mji hadi mji atarejea alipoanzia kabla juma halijatimia, hali amekwisha kuona kila lililostahili kuonwa. Hesabu haikubali. Eneo la kisiwa ni kilomita za mraba zipatazo 25,700, ambamo Unguja nzima ingeingia mara kumi na tano, watu wake wanakaribia milioni tano, na sehemu zake za ndani zimejaa vilima na milima ambayo barabara huizunguka kwa subira, hata masafa yanayoonekana mafupi karatasini hugeuka kuwa safari ya nusu siku.

Nasaha yangu basi ni kwamba mwenye juma moja asikizunguke kisiwa, akikate. Ashukie Palermo, ulioko kaskazini magharibi, aondokee Catania, ulioko mashariki, na kati ya miji hiyo miwili alale mahali pachache apewe nafasi ya kupafahamu: siku tatu Palermo, siku moja Agrigento, siku mbili Siracusa, na siku ya mwisho Catania kwenyewe. Najua ya kuwa ratiba hii inawanyima watu vitu ambavyo vitabu vya wageni huvisifu sana, kama vile Trapani na mashamba yake ya chumvi, Erice juu ya kilele chake, Cefalù, Taormina, na visiwa vya Eolie vyenye milima ya moto. Vyote hivyo ni vizuri, na vyote nimeviacha makusudi, kwa sababu anayevifuata vyote hupata kuviona vioo vya gari zaidi kuliko kuuona mji wowote, na kila asubuhi hufunga mizigo wakati ambapo wenyeji wanakunywa kahawa na masoko yamo katika uzuri wake.

Tiketi ya ndege inunuliwe kwa mpango huo huo, ya kufikia uwanja mmoja na kuondokea mwingine, na msafiri asikubali kurudishwa Palermo kwa sababu tu ya wakala aliyezoea kuuza tiketi ya kwenda na kurudi mahali pamoja, maana siku ya kurudi nyuma ni sehemu ya saba ya safari yake inayopotea bure. Atokaye Afrika ya Mashariki hubadilisha ndege Roma au katika mji mwingine mkubwa. Iko pia njia ya zamani ambayo wapenda reli hawapaswi kuikosa ikiwa wana wakati wa ziada: gari moshi la usiku kutoka Roma, ambalo lifikapo Villa San Giovanni mabehewa yake hukatwa na kuingizwa ndani ya meli pamoja na abiria waliolala, yakavushwa mpaka Messina na kuunganishwa tena upande wa pili. Ni jambo la ajabu na la kupendeza, ila mwenye siku saba tu afikiri mara mbili.

Kwa raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, safari huanza kwa ombi la viza ya Schengen, na hapa ndipo panapohitaji tadbiri kuliko mahali pengine pote. Ombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, wala lisipelekwe zikiwa zimebaki siku pungufu ya kumi na tano. Nami namshauri mtu asiisogelee kabisa hiyo siku ya kumi na tano, kwa kuwa sheria inawaruhusu wenye mamlaka kulichunguza ombi hadi siku arobaini na tano panapokuwa na haja, na kuipata tarehe ya kuonana nao kwenyewe huweza kuchukua majuma. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, ya mtoto wa miaka sita hadi kumi na mmoja ni nusu yake, na mwenye umri chini ya hapo halipiwi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na uhai wake uendelee miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari iwe yenye kulipa gharama za matibabu zisizopungua yuro 30,000. Ombi lipelekwe Italia, ambayo ina balozi zake Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, hata kama ndege itatua kwanza katika nchi nyingine ya Schengen, kwa sababu kinachotazamwa ni nchi ambayo mtu atakaa zaidi.

Kuna faida ya mpango wa vituo vichache ambayo haionekani mpaka mtu akae mezani na karatasi zake. Afisa anayelipitia ombi hulinganisha tiketi, barua ya ruhusa ya kazini, hesabu za benki na uthibitisho wa malazi wa kila usiku, na nyumba nne za kulala zinazofuatana kwa mstari ulionyooka humshibisha upesi kuliko nyumba saba zilizotawanyika. Malazi hayo yawekwe kwa namna inayoruhusu kufuta bila hasara, asije mtu akanyimwa viza na kunyimwa fedha zake pamoja. Waswahili wenzetu wenye pasipoti za Uingereza, Marekani au Kanada hawahitaji viza kwa ziara fupi kama hii. Na wale waishio Oman na nchi za Ghuba kwa vibali vya ukaazi, wenye pasipoti za kwetu, hupeleka maombi yao huko huko wanakoishi.

Majira bora ni mawili: tangu Aprili hata mwanzo wa Juni, na tangu katikati ya Septemba hata mwisho wa Oktoba. Sisi tuliozaliwa pwani hudhani tunalijua joto, na kwa hakika tunalijua joto letu lenye unyevu na upepo wa bahari. Walakini joto la Sisilia katika Julai na Agosti ni la namna nyingine, kavu, la kutokea kwenye mawe meupe, na tarehe 11 Agosti 2021 karibu na Siracusa kilipimwa kiwango cha digrii 48.8, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote vilivyothibitishwa katika bara la Ulaya. Isitoshe, tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ambayo Italia nzima huhamia ufukoni, bei za malazi zikapanda na maduka mengi ya mijini yakafungwa. Majira ya baridi yana mvua, ingawa mwenye kustahimili koti atayakuta mahekalu ya Agrigento hayana msongamano, na katika Februari milozi huwa imechanua kuyazunguka.

Palermo una haki ya siku zake tatu, na kwa msomaji wa Kiswahili una haki hiyo zaidi kuliko kwa mgeni mwingine yeyote. Mwaka 827 jeshi lililotoka Ifriqiya, likiongozwa na Asad ibn al-Furat, kadhi wa Qayrawan, lilishuka Mazara upande wa magharibi wa kisiwa, na mwaka 831 Palermo ukaingia mikononi mwa Waislamu. Ikapita zaidi ya karne mbili ambamo mji ulistawi kwa mabustani, mifereji na biashara, hata msafiri Ibn Hawqal alipoutembelea katika mwaka 973 akaandika kwamba misikiti yake ilizidi mia tatu. Wanormani waliouteka mwaka 1072 walikuwa na busara ya kutouvunja ustaarabu walioukuta. Mfalme Roger wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1130, aliwaweka barazani mwake makatibu wa Kiarabu, wa Kiyunani na wa Kilatini, na miongoni mwa wanazuoni aliowakirimu alikuwamo Muhammad al-Idrisi, ambaye mwaka 1154 alikamilisha kitabu kikubwa cha jiografia pamoja na ramani iliyochorwa juu ya sahani ya fedha. Ndani ya kitabu hicho, kilichotungwa katika kasri la mfalme wa Kikristo kwa lugha ya Kiarabu, imo pwani ya Zanji, na zimo Malindi na Mombasa. Mtu wa pwani anapopita katika njia za Palermo anapita basi katika mji ambamo habari za kwao zilikuwa zikikusanywa na kuandikwa karne nyingi kabla meli ya kwanza ya Mreno haijaonekana upeoni. Sahani ile ya fedha haipo tena, na asiitafute. Bali kasri lipo, nalo ndilo la kutembelewa kwanza.

Kasri hilo, Palazzo dei Normanni, leo ni makao ya bunge la kisiwa, na ndani yake mna Cappella Palatina, kanisa dogo ambalo Roger alianza kulijenga mwaka 1132. Msafiri afike mlango unapofunguliwa asubuhi, kabla ya makundi yanayoshushwa na meli za watalii, avae nguo zinazositiri mabega na magoti, na akiisha kuzitazama kuta zilizojaa vinakshi vya vijiwe vya dhahabu anyanyue uso, maana dari ya mbao iliyo juu ya ukumbi wa kati ni kazi ya mafundi wa Kiislamu, yenye vipembe vinavyoning'inia kwa ngazi, maandishi ya Kikufi, na picha ndogo za wapiga muziki, wanywaji na wachezaji wa sataranji. Ichukuliwe darubini ndogo. Bila hiyo nusu ya dari inabaki fumbo. Jumapili asubuhi kuna ibada, na siku hiyo si ya kwenda. Kutoka hapo mtu hutembea kwa miguu mpaka kanisa kuu la mji, na katika varanda ya upande wa kusini, kwenye nguzo ya kushoto, ataona yamechongwa maandishi ya Kiarabu ambayo aliyesoma chuoni atayatambua kuwa ni aya ya Sura ya Al-A'raf. Wengi hupita bila kuitazama nguzo hiyo. Mimi ningesimama hapo kuliko mbele ya makaburi yote ya wafalme yaliyo ndani.

Siku ya pili yake ni ya Monreale, kilomita nane tu juu ya mji, ambako huendwa kwa basi la kawaida. Kanisa lake, lililoanzishwa na William wa Pili katika miaka ya 1170, lina zaidi ya mita za mraba elfu sita za vinakshi vya dhahabu, na behewa lake la watawa limezungukwa na nguzo pacha zaidi ya mia mbili, nyingi zikiwa zimepambwa kila moja kwa namna yake. Alasiri mtu ashuke akaione Zisa, kasri la mapumziko ambalo chumba chake cha chini kina chemchemi na mfereji wa kupoza hewa. Na kama msafiri ni Mkristo, hususa Mkatoliki, ajue ya kuwa mmoja wa watakatifu wasimamizi wa Palermo ni Benedetto, mtoto wa wazazi Waafrika walioletwa kisiwani utumwani, aliyekuwa mpishi wa watawa na baadaye mkubwa wao, akafariki mwaka 1589 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1807. Picha na sanamu zake zimo katika makanisa, mtu mweusi wa joho la kitawa, na ni jambo la kufurahisha moyo kuwaona bibi wa Kisisilia wakimwashia mishumaa kwa taadhima.

Chakula cha Palermo kiko sokoni, katika Ballarò na Capo, nami ninakitaja kwa urefu kidogo kwa kuwa Mwislamu anayekwenda huko bila kujua huangukia katika moja ya makosa mawili: ama anakula asilopaswa, ama anaogopa kila kitu akaishi juma zima kwa ndizi na mkate. Panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kutiwa katika mkate wenye ufuta, havina nyama, na vitamkumbusha bajia za kwetu. Tambi za dagaa zenye shamari, zabibu kavu na zafarani ni tamu ajabu. Caponata, mchuzi wa biringani wenye uchachu na utamu, huliwa na yeyote. Lakini mkate wenye wengu, ambao wachuuzi huuchochea kwenye sufuria mbele ya macho ya watu, kwa desturi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Unga wa cannoli, vile vibomba vilivyojazwa jibini tamu, mara nyingi hukandwa kwa mafuta hayo hayo na divai. Na madonge ya wali yaliyokaangwa, arancine, huwa na nyama iliyochanganywa. Maneno mawili ya Kiitaliano yatamtosha: maiale, nguruwe, na strutto, mafuta yake. Ayaulize kwa uso mkunjufu, na mwenye kibanda atajibu kwa ukweli bila kuona vibaya. Misikiti ipo Palermo na Catania, na katika mitaa ya Ballarò wanaishi watu wa Ghana, Nijeria, Bangladeshi na kwingineko, ambao miongoni mwao ni rahisi kupata wa kuonyesha duka la nyama halali.

Lipo pia suala la saa. Kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi hivi maduka madogo na makanisa mengi hufungwa, na chakula cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili kasorobo. Mgeni anayezunguka kwa njaa saa kumi na mbili jioni hupata vyakula vya watalii kwa bei ya watalii. Kahawa inayonywewa wima mbele ya meza ya muuzaji ni rahisi kuliko ile ya kukaa, hesabu ya mkahawa huwa na nyongeza ndogo ya kila mtu kwa ajili ya mkate na vitambaa vya meza, na nyumba za kulala katika miji mingi hutoza kodi ya mji kwa kila usiku, ambayo haimo katika bei iliyolipwa awali. Hakuna udanganyifu katika hayo, ila ni vema kuyajua kabla.

Asubuhi ya kuondoka Palermo, wala si kabla, ndipo pa kukodi gari. Ndani ya mji gari ni mzigo mtupu: mitaa ni myembamba, maegesho ni adimu, na sehemu za katikati ya miji zimezungushiwa mipaka ya magari, yenye alama ya herufi ZTL, ambapo kamera hupiga picha kila namba inayoingia bila ruhusa, na faini hufika kwa njia ya kampuni ya kukodi miezi kadhaa baadaye, mtu amekwisha kusahau kwamba aliwahi kupita hapo. Katika nyanda za ndani, kinyume chake, gari ni rehema. Dereva awe na leseni ya nchi yake pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendeshea, na kadi ya benki ya mkopo yenye jina lake mwenyewe, maana kampuni nyingi hazipokei dhamana kwa njia nyingine. Mtanzania, Mkenya na Mganda wakumbuke ya kuwa huko huendeshwa kwa mkono wa kulia, jambo ambalo Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo hawatalipatia shida; na hatari kubwa haimo barabarani penye magari, imo katika kutoka kituo cha mafuta au njia tupu ya shambani, ambapo mazoea humrudisha mtu upande wa kwao bila kuhisi.

Kutoka Palermo mpaka Agrigento ni mwendo wa saa mbili. Mtu afike adhuhuri, apumzike, na aende kwenye mahekalu alasiri, jua likiwa limeanza kulegea na mawe ya rangi ya asali yakipata sura yake njema. Mji huo, Akragas wa Wayunani, ulianzishwa karibu mwaka 580 kabla ya Kristo, na hekalu lake la Concordia, la karne ya tano kabla ya Kristo, limesimama karibu zima kwa sababu lilifanywa kanisa katika karne ya sita baada ya Kristo, likaepuka kuvunjwa kwa ajili ya mawe yake kama yalivyovunjwa mengine. Wenye wazee au watoto waingilie mlango wa juu, ule wa upande wa hekalu la Juno, kwa kuwa kutoka hapo njia huteremka taratibu mpaka chini; waingiao kwa chini huupanda mteremko huo wote wakati wa joto. Katikati ya magofu kuna bustani ya Kolymbethra, yenye michungwa na milimau inayonyweshwa kwa mifereji ya mtindo ulioletwa na Waarabu, nayo ni mahali pa kivuli ambapo hata mtoto aliyechoshwa na nguzo atafurahi.

Siku ya tano ndiyo ndefu kuliko zote barabarani, na inalipwa na kituo kimoja. Karibu na mji wa Piazza Armerina, bondeni, kuna nyumba ya bwana mmoja wa Kirumi wa karne ya nne, Villa Romana del Casale, ambayo sakafu zake zimetandikwa michoro ya vijiwe ya eneo la mita za mraba zipatazo 3,500, na ambayo iliokolewa na maporomoko ya udongo yaliyoifunika kwa karne nyingi. Ushoroba wake mrefu umechorwa Mawindo Makubwa: wanyama wakinaswa, wakifungwa, wakipakiwa melini kwenda kuuawa katika viwanja vya michezo vya Warumi. Wamo tembo, swala, mbuni wanaobebwa mikononi juu ya daraja la meli, na wote hao, isipokuwa wachache, ni wa bara letu. Mgeni wa Ulaya huona hapo uzuri wa mkono wa fundi, nao upo. Mtu wetu, ambaye tembo kwake ni mnyama halisi wa nchi halisi, ataona pia jinsi lilivyo la kale pato lililotokana na kuichukua Afrika na kuipeleka kwingine kwa meli, na aipe sakafu hiyo saa mbili nzima. Asiyeendesha gari atapata shida kufika hapo. Yeye aende Agrigento kwa reli, kisha apande basi la Catania na kugeukia Siracusa, akubali kwamba Casale imempita.

Siracusa ulianzishwa na watu wa Korintho katika karne ya nane kabla ya Kristo, na ulipokuwa katika ubora wake ulishindana na Athene yenyewe. Malazi yatafutwe Ortigia, kisiwa kidogo kilichounganishwa na mji kwa madaraja, na gari liachwe katika maegesho ya mlangoni, kwa kuwa ndani yake pia kuna ZTL. Kanisa kuu la Ortigia limejengwa ndani ya hekalu la Athena, kuta zake zikiwa zimejazwa baina ya nguzo za Kiyunani ambazo bado zaonekana, nene na zenye kuinama kidogo, ndani na nje. Sijui jengo jingine linalomfundisha mtu historia upesi namna hiyo kwa kuliwekea mkono tu. Asubuhi ya siku ya sita aende kwenye thieta ya kale iliyochongwa mwambani, ambamo tangu mwaka 1914 michezo ya Kiyunani imekuwa ikirudishwa jukwaani mwanzoni mwa kiangazi, na kwenye machimbo ya mawe yaliyo karibu nayo. Alasiri atachagua: ama Noto, uliojengwa upya kwa jiwe la manjano baada ya tetemeko la mwaka 1693, ama kubaki Ortigia bila kufanya neno. Mwenye miguu iliyochoka abaki.

Siku ya saba ni ya Etna kwa mwenye gari. Atoke Siracusa mapema, apande mpaka Rifugio Sapienza, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ambapo magari husimama na gari la kamba huwapandisha watu mpaka mita 2,500. Juu ya hapo huendwa na viongozi wa mlima, na panapokuwa na mlipuko njia hufungwa, wala si jambo la kujadiliana. Koti na viatu vya kufunga ni lazima hata mwezi Juni. Asiye na gari afike Catania kwa reli, kwa saa moja na kidogo, na autumie mji: soko la samaki lililo nyuma ya uwanja wa kanisa kuu, tembo wa jiwe jeusi la volkano asimamaye katikati ya uwanja huo, na barafu iliyosagwa ya lozi au ya limau inayoliwa pamoja na mkate laini asubuhi. Mlima huo huo, ambao mwaka 1669 ulileta moto wake mpaka kwenye kuta za Catania, mara kwa mara hutoa majivu yanayoufunga uwanja wa ndege kwa saa kadhaa au kutwa. Kwa hiyo anayeunganisha ndege Roma kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali aache nafasi pana baina yake. Ama anunue tiketi moja mpaka nyumbani, na hapo kuchelewa kutakuwa ni dhima ya shirika la ndege.

Katika zawadi za kurudi nazo, chumvi ya Trapani, chokoleti ya Modica yenye chembe za sukari, na lozi husafiri bila taabu. Njugu pistashio za Bronte ni ghali na zinastahili bei yake, lakini ile malai yake ya kupaka mkate huhesabiwa uwanjani kama kimiminika, na chupa inayozidi mililita 100 huweza kuchukuliwa ikionekana katika mkoba wa mkononi. Itiwe katika sanduku la kupakiwa, imeviringishwa nguo, kabla ya kutoka nyumba ya kulala.